Mwalimu wa Kilwa na shahada ya maliasili: asomee msitu au asomee kufundisha?

Ndugu Mshauri,

Salaam nyingi kutoka Kilwa. Mimi ni mwalimu wa Biolojia na Jiografia katika shule ya sekondari ya kata, mkoani Lindi. Nina umri wa miaka 31, nimeolewa, na tumejaliwa mtoto mmoja wa miaka minne. Shahada yangu ya kwanza, ya sayansi na ualimu, niliipata mwaka 2020 kwa GPA ya 3.3. Niliajiriwa na Halmashauri miaka miwili baadaye, na nimekwisha kuthibitishwa kazini.

Jambo lililonifanya nianze kufikiria masomo ya juu huenda likaonekana dogo. Kijiji kinachopakana na shule yetu kina hifadhi ya msitu ya kijiji, na kwa miaka kadhaa sasa kinauza mpingo na miti mingine kwa utaratibu wa usimamizi shirikishi. Fedha hizo zimejenga nyumba ya mganga wa zahanati na kuchimba kisima. Mwaka jana niliwapeleka wanafunzi wa klabu ya Malihai, yaani klabu ya uhifadhi ya shule, katika msitu huo, na mjumbe wa Kamati ya Maliasili ya Kijiji alituonyesha mipaka na miti iliyotiwa alama. Tulipokuwa tukirudi niliwauliza wanafunzi msitu ule ni wa nani. Wengi walijibu, "Ni wa mradi." Wengine walisema ni wa Serikali. Hakuna aliyesema ni wa kijiji, ingawa miongoni mwao walikuwamo watoto wa wajumbe wa kamati hiyohiyo. Majuma hayohayo wazazi wa baadhi yao walikuwa wakifyeka pori jipya ili wapande ufuta, na siwezi kuwalaumu, kwa kuwa sare na madaftari ya watoto hao hutokana na ufuta.

Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta shahada ya uzamili, na kadiri ninavyotafuta ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa. Rafiki yangu aliyesoma Morogoro ananiambia niende SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, nikasome usimamizi wa maliasili. Mtumishi mmoja wa uvuvi ananishauri nisome sayansi za bahari Zanzibar, akisema kwamba Kilwa ni mikoko na miamba kabla ya kuwa misitu ya bara. Mwalimu Mkuu wangu anasema kwamba mwalimu husoma ualimu, na kwamba nikichagua maliasili Halmashauri haitanipa ruhusa ya masomo yenye mshahara. Mume wangu, ambaye ana chombo cha uvuvi, hana pingamizi nami kusoma, ila anauliza mtoto atabaki na nani nikiondoka kwa miaka miwili, na kwa nini nisijiunge na Chuo Kikuu Huria nikiwa hapahapa. Nimeona pia katika intaneti kwamba vyuo vya Marekani vina shahada za uzamili za maliasili zenye mkazo wa elimu ya mazingira, jambo ambalo sijaliona likitajwa kwa jina hilo hapa kwetu, na wakala mmoja aliniandikia kwamba anaweza kunipatia nafasi ya kusoma kwa njia ya mtandao na kumaliza ndani ya mwaka mmoja, mradi nimtumie fedha za usajili kwanza. Sijamtumia.

Naomba unisaidie kuona njia. Je, nisome maliasili au elimu? Nisome nikiwa kazini au niondoke? Na je, ndoto ya kusoma nje ni upuuzi kwa mtu wa hali yangu?

Wako,
Mwalimu wa Biolojia, Kilwa

JIBU

Mwalimu,

Umeniuliza maswali matatu, lakini barua yako ina swali la nne ambalo hukuniuliza, nalo ndilo litakaloyajibu yale matatu. Swali hilo ni hili: kwa nini watoto wa wanakijiji wanaomiliki msitu kisheria, na ambao wazazi wao wamo katika kamati inayoulinda, wanaamini kwamba msitu huo ni wa mradi? Hilo ni swali la utafiti lililokamilika. Watu wengi huanza shahada ya uzamili bila swali na humaliza mwaka wa kwanza wakilitafuta katika maktaba. Wewe unalo tayari, na kazi iliyobaki ni kutafuta chuo na msimamizi watakaokuruhusu kulifuatilia bila kukugeuza kuwa mtu mwingine.

Nianze na tofauti ambayo washauri wako wote wameiruka. Shahada ya maliasili na shahada ya elimu ya mazingira si kitu kimoja, hata pale zinapofundishwa chini ya paa moja. Ya kwanza inakufundisha kupima: kuhesabu miti katika viwanja vya sampuli, kukadiria ujazo wa mbao unaoweza kuvunwa bila kuumaliza msitu, kuchora ramani, kusoma sheria, kukokotoa thamani ya huduma za msitu. Ya pili inachunguza namna watu wanavyojifunza kuhusu mazingira yao na namna ujifunzaji huo unavyogeuka, au unavyoshindwa kugeuka, kuwa uamuzi na tendo. Mkutano wa kimataifa uliofanyika Tbilisi mwaka 1977, chini ya UNESCO na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, uliweka malengo ya elimu hii kuwa ni mwamko, maarifa, mitazamo, stadi na ushiriki, na tangu wakati huo fani imekua ikiwa na nadharia zake, mbinu zake na mabishano yake. Hapa kwetu wengi wanaifahamu kwa sura ya kupanda miche tarehe 1 Aprili na kufagia soko tarehe 5 Juni. Shughuli hizo si mbaya, lakini hazingekueleza chochote kuhusu jibu walilokupa wanafunzi wako.

Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja nikitafuta mahali unapozungumzia msitu wenyewe, yaani hali ya miti, uotaji wa machipukizi, moto wa kiangazi, na sikupaona. Ulichozungumzia ni watoto, majibu yao, wazazi wao na ufuta. Nadhani moyo wako uko darasani, na kwamba unauona msitu kwa macho ya mwalimu. Ikiwa nimekosea, utajua kwa haraka, kwa sababu utakapoisoma aya ifuatayo utajisikia kuvutwa nayo.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ndicho mahali pa kwanza pa kwenda kwa anayetaka kuwa mtaalamu wa misitu na wanyamapori nchini. Kina shahada za uzamili za misitu, za usimamizi wa wanyamapori na za usimamizi wa maliasili kwa kilimo endelevu, na kina misitu yake ya mafunzo, ukiwemo wa Olmotonyi kule Arusha na ule wa asili wa Mazumbai katika Milima ya Usambara. Mwenye shahada ya Biolojia na Jiografia anaweza kupokelewa katika baadhi ya kozi hizo, ingawa atalazimika kukimbizana na wenzake katika takwimu na upimaji wa misitu. Atakayehitimu huko anaweza kuomba kazi Wakala wa Huduma za Misitu, halmashauri, au mashirika yanayofanya kazi na vijiji. Na kwa Kilwa kazi hiyo ina heshima yake, kwa kuwa mwaka 2009 vijiji vya wilaya yako, kupitia shirika la Mpingo Conservation and Development Initiative, vilikuwa vya kwanza barani Afrika kupata cheti cha FSC, yaani cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Lakini tambua kwamba njia hiyo, ukiifuata kwa dhati, inakutoa darasani. Mtu hasomi miaka miwili ya upimaji wa misitu ili arudi kusahihisha madaftari ya kidato cha pili, na akirudi, muundo wa utumishi wa walimu haumtambui kwa utaalamu wake mpya.

Kuhusu sayansi za bahari, aliyekushauri hakukosea kuhusu Kilwa. Visiwa vya Songosongo, miamba yake, pamoja na mikoko ya hori zenu, yenye mkoko, mchu, mkandaa na mkomafi, vinatosha kumpa mtafiti kazi ya maisha. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar, ndiyo inayotoa uzamili huo, na Zanzibar hiyohiyo ndipo yalipo makao ya WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya Magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambayo hutoa ruzuku za utafiti. Hata hivyo, sioni katika barua yako dalili yoyote kwamba unataka kusoma bahari, isipokuwa kwamba mumeo anaivua. Tuiache hapo.

Sasa nije kwa Mwalimu Mkuu wako, ambaye nadhani ana hoja nzito kuliko alivyoieleza. Mtumishi wa umma hupewa ruhusa ya masomo yenye mshahara pale masomo yake yanapokuwa na uhusiano na kazi aliyoajiriwa kuifanya, na yanapokuwa yameingizwa katika mpango wa mafunzo wa mwajiri. Mwalimu anayeomba kwenda kusoma uzamili wa elimu anaomba jambo ambalo Mkurugenzi wa Halmashauri anaweza kuliidhinisha bila kujieleza sana. Mwalimu anayeomba kwenda kusoma usimamizi wa wanyamapori anamlazimisha Mkurugenzi huyo aandike sababu, na maofisa hawapendi kuandika sababu. Hili si suala la kanuni peke yake. Ni suala la namna ofisi zinavyofanya kazi, nawe unaishi chini ya ofisi hizo. Ukisoma uzamili wa elimu na kuielekeza tasnifu yako kwenye elimu ya mazingira, unabaki ndani ya kada yako, unalinda mshahara wako, na bado unafanya utafiti unaoutaka.

Kwa hiyo, ushauri wangu wa kwanza ni uzamili wa elimu, hasa katika mkondo wa mitaala na ufundishaji, katika chuo chenye taasisi ya maliasili jirani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafaa kwa sababu hiyo. Kina Shule Kuu ya Elimu, na katika chuo hichohicho iko Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali, ambako wako watafiti wa misitu ya miombo, ardhi na mabadiliko ya tabianchi. Omba msimamizi mkuu kutoka upande wa elimu na msimamizi mwenza kutoka taasisi hiyo. Vyuo huruhusu usimamizi wa watu wawili, lakini mara nyingi haufanyiki kwa sababu mwanafunzi hakuuomba mapema. Usisubiri upangiwe, soma machapisho ya wahadhiri, chagua mmoja ambaye kazi yake inagusa swali lako, kisha mwandikie barua ya ukurasa mmoja yenye swali hilo, mahali utakapofanyia utafiti na sababu ya kumchagua yeye. Barua ya namna hiyo hujibiwa mara nyingi zaidi kuliko ile inayosema "naomba nafasi ya kusoma". GPA yako ya 3.3 inatosha, kwa kuwa kwa kawaida vyuo vyetu huhitaji daraja la pili la chini, yaani kuanzia 2.7.

Najua utaniuliza kwa nini nakusukuma mbali na nyumbani wakati mumeo ametaja Chuo Kikuu Huria. Hoja yake ni ya maana kuliko inavyosikika, na wala simwoni kuwa kikwazo. Chuo hicho, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1992, kimewasomesha walimu wengi wa mikoa ya kusini ambao wasingeweza kuacha kazi, na kina kituo mkoani Lindi. Kina uzamili wa masomo ya mazingira na wa elimu pia. Nikiwa na wasiwasi, ni kuhusu mambo mawili yanayomhusu mwalimu wa Kilwa hasa. Mosi, kusoma peke yako, usiku, baada ya vipindi, ukiwa na mtoto mdogo na umeme na intaneti visivyoaminika, kunahitaji nidhamu ambayo wengi tunadhani tunayo mpaka mwaka wa pili unapofika na tasnifu haijaanza. Pili, unachokihitaji zaidi ni mabishano ya ana kwa ana na watu wanaoifahamu fani hii, kwa sababu huna mtu wa kubishana naye hapo ulipo. Lakini ikiwa ruhusa haitapatikana, au ikiwa nyumba yako haiwezi kuhimili kutengana, Chuo Kikuu Huria ni njia kamili, si ya huruma, na shahada yake ina uzito uleule. Katika hali hiyo ningekushauri upange safari zako za kituoni kwa kukumbuka kwamba barabara ya kusini si ya kuaminiwa wakati wa masika. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika pale Somanga na Kilwa ikatenganishwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Mtu asiweke tarehe ya mtihani wake kwenye basi la siku hiyohiyo.

Kuhusu kutengana, niseme jambo ambalo hukuliuliza. Uzamili wa kozi na tasnifu si miaka miwili mfululizo ya kukaa mbali. Masomo ya darasani huchukua takriban mwaka wa kwanza, na kipindi cha kukusanya data kinafanyika mahali pa utafiti, ambapo kwako ni Kilwa. Mweleze mumeo kwamba muda wa kuwa Dar es Salaam unaweza kuwa mwaka mmoja wa masomo wenye likizo katikati, kisha ukarudi kijijini kwa utafiti, na kuandika ukaandika ukiwa nyumbani kwa makubaliano na msimamizi. Hesabu hiyo inazungumzika mezani kwa namna ambayo "miaka miwili" haizungumziki. Swali la mtoto atabaki na nani ni lenu wawili na mama zenu, na si langu.

Nije kwenye Marekani. Umeona sawasawa: kule elimu ya mazingira imekaa ndani ya vitivo vya maliasili kwa muda mrefu. Chuo Kikuu cha Wisconsin–Stevens Point, kwa mfano, kilianza kutoa shahada ya elimu ya uhifadhi mwaka 1946, na hadi leo ndaki yake ya maliasili ina uzamili wenye mkazo wa elimu ya mazingira na ufasiri, yaani kazi ya kuwaeleza wageni na wanajamii maana ya mahali wanapopaona. Wahitimu wa kozi za aina hiyo hufanya kazi katika hifadhi, vituo vya mafunzo ya nje, majumba ya makumbusho na shule. Ni mpangilio mzuri, nami natamani siku moja tuwe nao hapa. Lakini zingatia mambo ambayo tangazo halikuelezi. Katika fani za maliasili nchini Marekani, mwanafunzi wa uzamili wa utafiti mara nyingi hupata fedha kwa kumtafuta kwanza profesa mwenye mradi, ambaye akimkubali humpatia kazi ya usaidizi wa kufundisha au utafiti inayolipia ada na kumpa posho. Anayeomba bila kuwa na profesa anaweza kukataliwa, au kukubaliwa na kuachwa atafute fedha mwenyewe, na ada ya mgeni huko mwalimu wa sekondari ya kata hailipi. Shahada za mtandaoni kwa kawaida hazina usaidizi huo kabisa. Tena mifano na sheria zinazofundishwa ni za kwao: msitu wa Wisconsin hauna Kamati ya Maliasili ya Kijiji.

Ndiyo maana, kama unataka kutoka nje, ningekuelekeza kwanza Afrika Kusini. Chuo Kikuu cha Rhodes, kilichoko mji wa Makhanda, kina kituo cha utafiti wa ujifunzaji wa mazingira chenye uzamili na uzamivu wa elimu ya mazingira, na kimewapokea walimu, askari wa wanyamapori na wakuza mitaala kutoka nchi nyingi za kusini mwa Afrika. Maswali yanayoulizwa pale ni ya jamii zinazoishi na rasilimali zao, zenye umaskini, mila na miradi ya wafadhili, na swali lako lingekaa humo bila kuchongwa.

Kwa ufadhili, tarehe zina maana kuliko unavyodhani. Shirika la DAAD la Ujerumani lina ufadhili wa kozi za uzamili zinazohusu maendeleo, zikiwemo za maliasili na mazingira, kwa watu wenye uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili. Lakini kwa kawaida linataka shahada ya mwisho ya mwombaji isiwe imepita miaka sita. Wewe ulihitimu 2020. Hesabu yako iko ukingoni, na kama njia hiyo inakuvutia, usiiweke mwaka mwingine. Chevening ya Uingereza nayo inahitaji uzoefu wa miaka miwili na inakutaka urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili baada ya masomo, sharti ambalo kwako si mzigo. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola upo pia, na una mkondo wa kusoma kwa masafa, ambao ungemfaa mtu asiyeweza kuondoka. Mikopo ya Bodi yetu imeelekezwa kwa sehemu kubwa kwenye shahada ya kwanza, kwa hiyo usijenge mpango wako juu yake.

Huyo wakala, ulifanya vizuri kutomtumia kitu. Chuo cha kweli hupokea maombi yako moja kwa moja, na hakihitaji mtu wa katikati wa kupokea ada ya usajili kwa simu. Kabla ya kulipa chochote popote, ndani au nje, fungua orodha ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania uone kama chuo na kozi vimeidhinishwa. Kama ni cha nje, uliza Tume kuhusu utambuzi wa tuzo hiyo, kwa sababu shahada isiyotambuliwa haitakubadilishia hata herufi moja katika faili lako la utumishi.

Liko jambo moja ambalo hakuna aliyekutajia, nami naliweka hapa ili ulifikirie taratibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka kila halmashauri iwe na afisa usimamizi wa mazingira, na kuhamasisha umma ni sehemu ya kazi yake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 nayo ndiyo inayokipa kijiji haki ya kutangaza msitu wake kuwa hifadhi yake na kubaki na mapato. Sheria hizi mbili zinawataka watu wanaoweza kuzungumza na wanakijiji na pia kuandika ripoti. Mwalimu mwenye uzamili uliochunguza elimu ya mazingira ndani ya usimamizi shirikishi anaweza baadaye kuomba kuhamia kada hiyo, au kwenda kukuza mitaala, au kufundisha katika chuo cha ualimu. Uzamili wa elimu, tofauti na anavyodhani rafiki yako wa Morogoro, haukufungii mlango wa maliasili.

Kuhusu swali lenyewe, nikupe machache ya kuanzia, maana hapa ndipo ninapoona utajiri. Jibu la "ni wa mradi" lina historia. Watoto hao wamekua wakiona magari yenye nembo, mikutano yenye posho, mabango yenye majina ya wafadhili, na wataalamu wageni wanaokuja kupima miti. Ingekuwa ajabu kama wangejibu vingine. Chunguza kisima na nyumba ya mganga vinasemwaje nyumbani: je, wazazi huvitaja kuwa fedha za msitu, au huvitaja kuwa msaada? Chunguza pia mkutano mkuu wa kijiji, ambako mapato husomwa, na kama kuna kijana yeyote anayehudhuria. Kisha uangalie ufuta bila kuuhukumu, kama ulivyofanya katika barua yako. Familia inapouza ufuta kwa stakabadhi ghalani, fedha huingia kwa jina la mkulima. Mpingo, ambao huhitaji miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa, ukiuzwa fedha huingia kwa jina la kijiji. Huenda watoto wanafahamu vizuri kabisa kilicho chao na kisicho chao, na somo lililokosekana ni la uraia na wala si la Biolojia. Sijui kama ndivyo ilivyo. Ndiyo maana ni utafiti. Usiende na jibu hilo mkononi.

Unaweza kuanza kabla ya kudahiliwa. Omba ruhusa ya uongozi wa kijiji na wa shule, kaa na mjumbe yule wa kamati, na uandike yale anayoyasema kuhusu jinsi mipaka ilivyowekwa. Fanya na klabu yako zoezi la kuandika historia ya msitu kutoka kwa wazee. Maelezo hayo hayatakuwa data ya tasnifu, kwa sababu vibali vya utafiti hupatikana kupitia chuo, lakini yatalinoa pendekezo lako kuliko makala ishirini za mtandaoni, na msimamizi atakayelisoma ataona kwamba unapajua mahali unapopazungumzia.

Wengine watakuambia usubiri kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huko Ngongo, Lindi. Mwelekeo wake wa kwanza ni kilimo. Usiisubiri.

Kwa ajili ya ruhusa, mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na mipango na bajeti za halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo. Barua yako ya kuomba kuingizwa katika mpango wa mafunzo ipitie kwa Mwalimu Mkuu na kwa Afisa Elimu Sekondari, na ifike mapema, hata kama bado hujapata barua ya udahili. Humo utaje kozi kwa jina, chuo, muda, na manufaa ya utafiti kwa shule za wilaya. Utakapodahiliwa, ambatanisha barua ya chuo kama nyongeza. Nakala yenye muhuri wa kupokelewa ibaki nyumbani kwako, kwa kuwa mafaili husafiri na maofisa huhamishwa.